Carl Wernicke: Tabibu Aliyeitafuta Njia ya Neno Ubongoni

Carl Wernicke (1848–1905) alikuwa tabibu wa Kijerumani aliyebobea katika maradhi ya ubongo na ya akili. Wanafunzi wa isimu hukutana na jina lake mapema, kwa kuwa sehemu ya ubongo iliyo nyuma na juu ya sikio la kushoto huitwa hadi leo eneo la Wernicke, na ugonjwa wa lugha unaotokana na kuharibika kwake huitwa afasia ya Wernicke. Sifa hiyo ni ya haki, lakini huficha jambo ambalo yeye mwenyewe alilipa uzito mkubwa zaidi. Wernicke hakushughulika na eneo moja tu. Alishughulika na njia: nyuzi zinazounganisha mahali sauti ya neno inapopokewa na mahali matamshi yake yanapoandaliwa. Kwa maoni yake, binadamu hujifunza neno kwa sababu ya njia hiyo, na njia ikikatika neno hupotoka, hata kama masikio ni mazima, ulimi ni mzima na akili ni timamu.

Utoto na masomo

Wernicke alizaliwa tarehe 15 Mei 1848 katika mji mdogo wa Tarnowitz, eneo la Silesia ya Juu, lililokuwa chini ya ufalme wa Prussia. Leo mji huo umo nchini Poland na huitwa Tarnowskie Góry. Alipata elimu ya sekondari katika mji wa Oppeln, kisha akasomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Breslau, mji ambao siku hizi huitwa Wrocław. Vita baina ya Prussia na Ufaransa vilipozuka mwaka 1870, alitumikia jeshi akiwa daktari wa upasuaji.

Aliporejea Breslau alifanya kazi katika hospitali ya Allerheiligen, kwenye idara ya wagonjwa wa akili, chini ya Profesa Heinrich Neumann. Huyo ndiye aliyempeleka Vienna kwa muda wa miezi sita akasome kwa Theodor Meynert, mmoja wa mabingwa wa anatomia ya ubongo wa zama hizo. Miezi hiyo sita iliamua mwelekeo wa maisha yake.

Meynert alifundisha kwamba nyuzi za ubongo si za aina moja. Zipo zinazouunganisha ubongo na mwili: hizi huleta habari kutoka macho, masikio na ngozi, na kupeleka amri kwa misuli. Zipo nyingine zisizotoka nje kabisa, ambazo kazi yake ni kuunganisha sehemu moja ya gamba la ubongo na nyingine. Alieleza pia kwamba kwa jumla sehemu ya nyuma ya ubongo hupokea hisi, na sehemu ya mbele hushughulika na mwendo. Wernicke aliyachukua mafunzo hayo mawili akayageuza kuwa maswali kuhusu lugha.

Hali ya maarifa kabla ya 1874

Swali la makao ya lugha ubongoni lilikuwa limekwisha kufunguliwa na Mfaransa Paul Broca. Mwaka 1861 Broca alichunguza ubongo wa mgonjwa aliyekuwa amekaa miaka mingi hospitalini akiweza kutamka silabi moja tu, ingawa alionekana kuelewa mengi aliyoambiwa. Palikuwa na uharibifu katika sehemu ya mbele ya nusu ya kushoto ya ubongo, upande wa paji la uso. Baada ya kuchunguza wagonjwa wengine, Broca alishikilia mwaka 1865 kwamba kwa watu wengi uwezo wa kusema hutegemea nusu ya kushoto.

Mwaka 1870, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig walionyesha kwamba ukigusa kwa umeme sehemu fulani za gamba la ubongo wa mbwa, viungo fulani vya mwili hutikisika. Kwa hiyo wazo kwamba sehemu mbalimbali za gamba zina kazi mbalimbali lilikuwa na ushahidi. Hata hivyo, lugha bado ilitazamwa kama uwezo mmoja wenye makao yake: mtu anao au amenyimwa. Wagonjwa walioongea kwa wingi lakini bila kueleweka hawakupata nafasi katika picha hiyo.

Wagonjwa waliodhaniwa wamerukwa na akili

Kuhusu wagonjwa hao Wernicke alitoa mwaka 1874, akiwa na umri wa miaka 26, chapisho fupi lisilofikia kurasa mia moja. Lilihusu jumla ya dalili za afasia, na kichwa chake kidogo kiliahidi uchunguzi wa kisaikolojia uliojengwa juu ya msingi wa anatomia. Ndani yake alieleza wagonjwa wachache aliowaona hospitalini.

Mmojawapo alikuwa mwanamke mzee, mwenye umri uliopita miaka sabini. Alipoulizwa, alijibu kwa maneno yasiyohusiana na swali. Alipoamriwa, hakutenda, au alitenda lisiloamriwa. Watumishi wa hospitali walimhesabu kuwa amechanganyikiwa na pia ni kiziwi. Mzee huyo alipofariki, ubongo wake ulionyesha uharibifu katika mkunjo wa kwanza wa sehemu ya panjani, upande wa kushoto. Eneo la Broca halikuwa kiini cha tatizo.

Mwanamke mwingine, mwenye umri wa miaka 59, alipatwa na hali ya namna hiyo kwa ghafla. Alisema kwa wepesi, sentensi zikitiririka, ila maneno yaliyohitajika yalibadilishwa na mengine au yalitoka yamevurugika sauti zake. Kadiri siku zilivyopita alipata nafuu, na nafuu hiyo ikamruhusu Wernicke kufuatilia jinsi uelewa wake wa maneno ulivyorejea kidogo kidogo.

Tofauti aliyoisisitiza ilikuwa na uzito kwa mgonjwa mwenyewe. Mtu aliyerukwa na akili hupelekwa kwenye hifadhi ya wendawazimu, na kiziwi hupigiwa kelele. Mtu aliyepoteza taswira za sauti za maneno kutokana na kiharusi si huyu wala si yule: anasikia, anafikiri, na bado anaitambua dunia inayomzunguka, ila maneno ya wenzake yamekuwa kwake kama lugha ya kigeni. Kumtambua kwahitaji daktari ajue kwamba kusikia sauti na kulitambua neno ni mambo mawili.

Jinsi mtoto anavyolipata neno

Sehemu iliyo na faida kubwa zaidi kwa wanaofundisha lugha ni maelezo ya Wernicke kuhusu kujifunza. Alianza na mtoto. Mtoto husikia neno likitamkwa, na sauti yake huacha alama katika gamba la panjani. Alama hiyo aliiita taswira ya sauti. Kisha mtoto hujaribu kuiga. Midomo, ulimi na koo hufanya mwendo fulani, na hisia za mwendo huo nazo huacha alama yake katika sehemu ya mbele, lile eneo alilolionyesha Broca. Hii ni taswira ya mwendo.

Taswira hizo mbili ziko mbali mbali. Zikibaki hivyo, mtoto atasikia asiweze kusema, au atabwabwaja pasipo uhusiano na alichokisikia. Kinachozifunga pamoja ni nyuzi za ubongo. Kila mtoto anaporudia neno, mpito kutoka sauti hadi mwendo huwa mwepesi zaidi, kama njia ya miguu inavyofunguka nyasini kwa kupitwa mara kwa mara. Hivyo kwa Wernicke hatua ya kwanza ya kujifunza neno ni kuiga sauti, na maana huambatana nayo baadaye au sambamba nayo.

Aliongeza dai jingine lililoonekana geni. Hata mtu mzima, ambaye haigi tena na husema moja kwa moja kutoka kwenye wazo, bado huitegemea njia ile ya utotoni. Taswira ya sauti huendelea kuusimamia usemi kimyakimya, ikihakikisha kwamba neno linalotoka ndilo lililokusudiwa. Ndiyo sababu, kwa maoni yake, mgonjwa aliyeharibika sehemu ya panjani haishii kukosa kuelewa: hukosea pia katika kusema, ingawa mtambo wa matamshi ni mzima. Msimamizi hayupo.

Ugonjwa uliotabiriwa kabla ya kuelezwa barabara

Kutokana na mchoro huo Wernicke aliweza kufanya jambo ambalo matabibu wa zama zake hawakulizoea. Alitabiri. Uharibifu ukiwa katika eneo la mbele, mgonjwa ataelewa lakini hatasema. Ukiwa katika eneo la panjani, atasema lakini hataelewa, na usemi wake utavurugika. Je, maeneo yote mawili yakiwa mazima na njia ya kati peke yake ikikatwa? Wernicke alijibu kwamba mgonjwa ataelewa na atasema kwa wepesi, ila atakosea uteuzi wa maneno, huku akijua kwamba amekosea. Hali hii ndiyo inayoitwa afasia ya upitishaji.

Kwa mfano wa Kiswahili, mtu wa namna hiyo akitaka kusema kikapu huenda akasema kipaku, akasita, akajaribu kikaku, kisha kipaka, akisogea karibu na neno bila kulifikia. Hajasahau kikapu ni nini, na akionyeshwa atakitambua.

Alama iliyokuja kuwa kipimo maarufu cha ugonjwa huo, yaani kushindwa kurudia maneno aliyotamkiwa, Wernicke hakuitaja katika mwaka 1874. Ludwig Lichtheim ndiye aliyeiweka wazi katika makala yake ya mwaka 1885, alipoupanua mchoro wa Wernicke na kuongeza kituo cha tatu kwa ajili ya dhana. Wernicke hakuwa sahihi pia kuhusu mahali njia ilipopita. Mwanzoni aliiweka katika eneo la insula, ule mkunjo wa gamba uliojificha ndani ya mfereji wa pembeni. Baadaye fikra ziliegemea tita kubwa la nyuzi lenye umbo la upinde, linalotoka panjani, likapinda juu na kuelekea mbele. Tita hilo la upinde lilikuwa limekwisha kuonekana na wanaanatomia tangu mwanzoni mwa karne ya 19, bali uhusiano wake na lugha ulikuwa haujajulikana.

Neno na maana yake

Wapo wanaodhani Wernicke aliiweka lugha yote katika vituo viwili. Maandishi yake hayasemi hivyo. Vituo viwili vilikuwa vya umbo la neno tu: linavyosikika na linavyotamkwa. Maana aliiona kuwa imetawanyika gambani kote. Mfano wake mmoja ulikuwa kengele. Dhana ya kengele ni muungano wa kumbukumbu nyingi: jinsi inavyoonekana, jinsi inavyolia, jinsi inavyohisika mkononi. Kila kumbukumbu imo katika sehemu ya ubongo inayohusika na hisi hiyo, na zote zimeunganishwa kwa nyuzi, hata moja ikiamshwa nyingine nazo huamka. Sauti ya neno ni uzi mmoja zaidi uliofungwa kwenye fundo hilo.

Mwanakamusi ataona hapa jambo analolifahamu kazini. Kidahizo kina upande wa umbo, ambao ni tahajia na matamshi, na upande wa maana, ambao huhitaji fasili, mifano na wakati mwingine picha. Pande hizo hazipotei pamoja. Mtu aweza kuwa na umbo bila maana, kama anayekariri asichokielewa, au maana bila umbo, kama anayesema neno liko kwenye ncha ya ulimi.

Berlin, Breslau na Halle

Mwaka 1876 Wernicke alikwenda Berlin kufanya kazi katika hospitali ya Charité chini ya Karl Westphal. Mwaka 1878 aliondoka hapo, akaendesha zahanati yake binafsi mjini humo hadi 1885. Katika miaka hiyo aliandika kitabu kikubwa cha maradhi ya ubongo, kilichotoka kwa majuzuu kuanzia 1881. Ndani yake alieleza ugonjwa wa ghafla wenye dalili tatu: macho kushindwa kusogea sawasawa, mwendo wa kuyumba, na kuchanganyikiwa. Wawili kati ya wagonjwa wake watatu walikuwa walevi wa kupindukia, na wa tatu alikuwa mshonaji aliyekunywa tindikali. Baadaye ilijulikana kwamba chanzo ni upungufu wa vitamini B1. Jina la Wernicke limeunganishwa na la Mrusi Sergei Korsakoff, aliyeeleza upotevu mkubwa wa kumbukumbu ambao mara nyingi hufuata ugonjwa huo.

Mwaka 1885 alirudi Breslau kufundisha katika chuo kikuu, na mwaka 1890 akapata kiti cha uprofesa. Huko palikusanyika kundi la vijana walioendeleza fikra ya miunganisho. Heinrich Lissauer alichambua hali ya mtu anayeona kitu asikitambue. Hugo Liepmann alieleza mkono unaoshindwa kutenda linalojulikana ingawa haujapooza. Karl Bonhoeffer, Otfrid Foerster na Kurt Goldstein nao walipitia mikononi mwake. Yeye mwenyewe alijaribu kuyaeleza maradhi ya akili kwa kanuni ile ile ya njia zilizokatika, jitihada ambayo haikupata kukubalika kama kazi yake ya lugha.

Miaka yake ya mwisho mjini Breslau iliharibiwa na ugomvi na mamlaka za mji kuhusu hospitali ya wagonjwa wa akili, ugomvi uliomnyima wagonjwa wa kufundishia. Mwaka 1904 alihamia Chuo Kikuu cha Halle. Hakukaa huko hata miaka miwili. Alipata ajali alipokuwa akiendesha baiskeli katika msitu wa Thuringia, na tarehe 15 Juni 1905 akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 57.

Kukataliwa na kurejeshwa

Wapinzani walijitokeza angali hai. Mwaka 1891 Sigmund Freud, ambaye naye alikuwa amepitia kwa Meynert, aliandika kitabu kuhusu afasia akipinga mgawanyo mkali wa vituo na njia. Mwaka mmoja baada ya kifo cha Wernicke, Pierre Marie wa Paris alishambulia mafundisho ya afasia yaliyokuwa yamezoeleka. Mwaka 1926 Mwingereza Henry Head aliwabeza wote waliochora michoro ya aina hiyo. Kwa miongo kadhaa wataalamu wengi waliona kwamba kuigawa lugha katika vituo na nyuzi ni kuirahisisha kupita kiasi.

Mwaka 1965 Norman Geschwind, tabibu wa Kimarekani, alichapisha makala ndefu iliyoonyesha kwamba dalili nyingi zinaeleweka vyema zaidi zikichukuliwa kuwa matokeo ya miunganisho iliyokatika. Kwa makala hiyo Wernicke alisomwa upya. Baadaye ukaja upigaji picha wa sumaku unaofuata mwendo wa maji ndani ya nyuzi, ukawezesha tita la upinde kuonekana katika ubongo wa mtu aliye hai. Mwaka 2005 Marco Catani na wenzake walionyesha kwamba, pamoja na njia ndefu ya moja kwa moja, ipo njia ya pili inayopitia kituo cha kati, upande wa juu na nyuma.

Utafiti huo umemrekebisha pia. Mipaka ya eneo linaloitwa kwa jina lake haijakubaliwa na wote, na kuelewa lugha kwahitaji sehemu nyingi zaidi ya mkunjo mmoja. Aidha, wapo watafiti wanaoihusisha afasia ya upitishaji na uharibifu wa gamba lenyewe kuliko nyuzi zilizo chini yake.

Kumbukumbu ya maneno

Mwaka 1974, karne moja kamili baada ya chapisho la Wernicke, Alan Baddeley na Graham Hitch walipendekeza kwamba kumbukumbu ya muda mfupi ina sehemu inayozihifadhi sauti za maneno kwa sekunde chache na kuzirudia kimoyomoyo zisipotee. Faida ya sehemu hiyo ilidhihirika mwaka 1988 kwa mgonjwa mmoja Mwitaliano ambaye hifadhi hiyo ilikuwa imeharibika. Aliweza kujifunza jozi za maneno ya Kiitaliano, kwa kuwa yalikwisha kuwa na makao ubongoni mwake. Alipopewa maneno ya Kirusi asiyoyajua, hakufua dafu. Maana ilimsaidia panapo neno la zamani. Kwa neno jipya kabisa palihitajika sauti irudiwe, naye hakuwa na pa kuirudia.

Mwaka 2013 Diana López-Barroso na wenzake waliwasikilizisha watu wazima maneno ya kubuni, kisha wakapima nyuzi zao. Ubora wa kujifunza ulihusiana na ile njia ndefu ya tita la upinde, upande wa kushoto. Hiyo ndiyo njia ambayo Wernicke aliisadiki kwa hoja bila kupata kuiona.

Walimu wa Kiswahili hukemea kukariri kama kasuku, na kwa upande wa maana wana haki, kwa sababu kengele haijulikani kwa kutamka jina lake tu. Hata hivyo mwanafunzi anayekutana kwa mara ya kwanza na neno refu la kigeni hana budi kulisikia, kulitamka na kulirudia hadi sauti zake zikae kwa mpangilio. Kurudia huko si ujinga wa kasuku. Ni kuifungua ile njia baina ya panja na paji, kabla maana haijapata mahali pa kujishikiza.